Mkono Ukivunjika, Simu Ibaki kwa Mwenyewe

Mwenyekiti, viongozi wa vijiwe vya bodaboda, akina mama wa sokoni, na wenzangu wa kada ya afya mliokubali kukaa viti vya nyuma:

Ahsanteni kwa kunialika tena, ingawa baadhi yenu mnajua tayari nitakachosema, na nimemwona mmoja akitabasamu kabla sijafungua mdomo. Nitasema hivyo hivyo. Mtu aliyevunjika mkono huruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na hogo, yaani ile plasta ngumu ya kushikilia mfupa, kitambaa cha kutundikia mkono shingoni, vidonge vya maumivu na tarehe ya kurudi kliniki. Tunamweleza namna ya kuoga bila kulowesha plasta na namna ya kuvaa shati kwa kuanza na mkono mbovu, lakini ni nadra kwetu kumwuliza simu yake ataishikaje. Tunaliacha jambo hilo kana kwamba simu ni anasa, ilhali tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, simu imekuwa pochi, daftari la wadeni, na kwa wengine ndiyo duka lenyewe. Dai langu ni kwamba aliyeumia mkono aendelee kuitumia simu yake mwenyewe, na kinachopaswa kubadilika ni mpangilio wa simu, si mtu anayeishika.

Niwape kisa ambacho wenzangu wamekisikia hadi wamekichoka. Mama mmoja mchuuzi wa samaki aliteleza kwenye sakafu yenye maji, akaangukia kiganja, akavunjika mfupa wa kigasha karibu na kifundo cha mkono. Ni uvunjikaji wa kawaida mno. Abraham Colles, mpasuaji wa Dublin, aliueleza mwaka 1814, zaidi ya miaka 80 kabla ya eksirei kugunduliwa. Mama alifungwa plasta, akarudi sokoni baada ya siku chache, kwa sababu samaki hawasubiri. Simu yake ilikuwa imesajiliwa alama ya kidole kimoja tu, gumba la kulia, na gumba hilo lilikuwa limevimba na kujaa unga wa plasta, simu haikulitambua. Akaifungua kwa namba, kwa mkono wa kushoto ambao haukuwahi kufanya kazi hiyo. Akapiga *150*00#, menyu ikaja, akachagua, akaandika namba ya mpokeaji tarakimu moja moja huku simu ikimteleza kiganjani, na alipofika kwenye kiasi, akawa anahesabu sifuri, menyu ikafunga. Huduma ya menyu haina subira na mtu anayeandika polepole. Alirudia mara kadhaa, kisha akamwita mtoto wa dada yake na kumtajia namba ya siri kwa sauti, wateja wakisikia.

Najua mnangoja niseme kwamba kijana aliiba. Hakuiba hata shilingi, na ndiyo maana nakipenda kisa hiki, kwa kuwa kile cha wizi kila mtu anacho na kila mtu hukijibu kwa kusema, “Wangu namwamini.” Kijana alikuwa mwaminifu na mwepesi. Wavuvi wakazoea kumpigia yeye, akajua nani anadaiwa na nani amelipa nusu, akaanza kupanga bei, na kabla plasta haijatolewa mama alikuwa akimwuliza kijana samaki wake mwenyewe wanauzwaje. Hakuna aliyemnyang’anya biashara. Ilihama tu, kwa adabu zote. Hayo yalikuwa ya biashara. Alipokuja kwangu baada ya plasta kutolewa, nilimwomba akunje ngumi, akashindwa. Vidole vyake havikuwa vimevunjika. Vilikuwa nje ya plasta muda wote, vizima, vikingojea kazi ambayo hakuna aliyevipa, kwa sababu kila kazi ndogo ya vidole alikuwa akifanyiwa.

Hapo ndipo pananikera. Vidole vilivyobaki nje ya plasta vinatakiwa kukunjwa na kunyooshwa tangu siku ya kwanza, mara nyingi kwa siku, mkono ukiwa umeinuliwa juu ya usawa wa moyo, kwa sababu mwendo huo husukuma maji ya uvimbe yarudi na huzuia viungo kukakamaa. Sisemi mtu aibane simu kwa nguvu kwa mkono uliovunjika. Nasema simu ikiwa mezani, ncha za vidole hivyo zinaweza kuizuia isisogee na hata kugusa kitufe kimoja kimoja, mradi hakuna maumivu na daktari wake hajakataza. Aliyeshonwa kano za vidole asinisikilize hata kidogo katika hili. Huyo afuate maelekezo ya aliyemshona, kwa kuwa kano iliyoshonwa hukatika kirahisi.

Kuna anayesema moyoni, “Lakini daktari, mgonjwa si apumzike?” Kwanza mimi si daktari, ni mtoa tiba kwa vitendo, yaani mtu wa kumsaidia mgonjwa arudie kazi zake za kila siku, na mshahara wangu ni ushahidi. Pili, kinachopumzishwa ni mfupa. Mwenye mfupa anaendelea kudaiwa kodi ya nyumba.

Mwingine ataniambia kwamba watu hutumia simu kwa mkono mmoja kila siku, basi shida iko wapi? Ni kweli. Mtafiti Steven Hoober alipowaangalia watu zaidi ya 1,300 hadharani, matokeo aliyoyachapisha mwaka 2013 yalionyesha kwamba karibu nusu ya waliokuwa wakigusa kioo walishika simu kwa mkono mmoja. Lakini watu hao walikuwa na mkono wa pili pembeni, tayari kusaidia pale gumba lisipofika kona ya juu au simu ilipotaka kuanguka. Anayefanya jambo kwa hiari akiwa kwenye daladala hafanani na asiye na njia nyingine kwa wiki sita, tena mara nyingi kwa mkono asiouzoea.

Kwa hiyo la kwanza ni kuitoa simu mkononi. Iwekeni mezani au pajani juu ya kitabu, na chini yake pawe na kitu cha kuizuia isiteleze. Fundi baiskeli atakupa kipande cha tyubu kuukuu bure. Kata pete mbili nyembamba, vika moja juu na moja chini ya simu, uangalie usivibane vitufe vya pembeni, na simu itatulia juu ya meza ya mbao kama imegundishwa. Mkono mzima, ule usioumia, sasa unatumia vidole vyote badala ya gumba peke yake, na kasi ya kuandika inabadilika kabisa. Mama wa samaki angekamilisha menyu ile kabla haijafunga.

La pili limo ndani ya simu yenyewe. Kwenye Gboard, kibodi ya Google, bonyeza na kushikilia alama ya mkato, utaona picha ya mkono. Ichague, na kibodi nzima inasogea upande wa gumba lako, kulia au kushoto. Simu nyingi za Android, kuanzia toleo la 12 la mwaka 2021, zina hali ya mkono mmoja inayoshusha sehemu ya juu ya kioo ifikike; iPhone zina kitu cha namna hiyo tangu mwaka 2014. Ongeza muda wa kioo kabla hakijazimika, kwa sababu sekunde 30 ni ndogo kwa mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto. Na pale simu inapotaka vitufe viwili vibonyezwe kwa pamoja, washa Menyu ya Ufikivu, ikuletee kazi hizo kwenye kioo kwa vitufe vikubwa. Hayo yote hayagharimu hata bando.

Nasikia mtu wa kitochi anacheka. Cheka, una haki. Simu kama Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilikaa kiganjani, vitufe vyake vilipapaswa bila kutazamwa, na gumba lilifika kila mahali. Kwa mtu wa mkono mmoja ni chombo bora kuliko kioo kipana cha siku hizi. Mwenye laini ya fedha na kitochi ndani ya droo, akivunjika mkono, anaweza kuihamishia humo laini yake mpaka plasta itoke. Na menyu ya fedha inafanya kazi vilevile.

Namba ya siri sitaijadili kwa urefu. Masharti ya huduma yanamtaka mteja aitunze mwenyewe. Ukihitaji msaidizi, na aishike simu huku wewe ukiandika tarakimu.

Naona mwenyekiti anatazama saa, basi nikimbie. Kuandika kwa sauti kwa Kiswahili kulifikishwa na Google mwaka 2017, na kunafaa kwa jumbe ndefu, ila si kwa kiasi cha fedha. Mkono mzima nao huchoka: maumivu ya kifundo upande wa gumba, yale aliyoyaeleza Fritz de Quervain mwaka 1895, huwapata wanaolifanyisha gumba kazi yote, kwa hiyo badilisheni vidole. Vidole vya mkono wenye plasta vikibadilika rangi, vikipoa, vikifa ganzi au maumivu yakizidi kila saa, rudini hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.

Sasa toeni simu zenu zenye kusoma alama za vidole. Kila mmoja asajili gumba la mkono wa pili hapa hapa, kabla ya chai, na mafundi ujenzi ambao saruji imewalainisha vidole hata simu haiwatambui waje mbele tujaribu kidole kingine.