Kifaa Kimeshauzwa, Watengeneza Programu Wanaambiwa Wangoje

Mhadhara kwa wanafunzi wa kompyuta, Mtwara

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na nyie mafundi simu mliofunga vibanda mapema ili mfike hapa, nawashukuru sana. Nimeombwa nizungumzie vifaa vya kuangalizia video za intaneti kwenye runinga, na hasa kwa nini kampuni huviuza kwanza, halafu huchelewa kuwaruhusu watu wa nje kuvitengenezea programu. Nitakaa na kifaa kimoja, Chromecast, maana kisa chake kinatugusa sisi wa Kusini kuliko wengi wanavyodhani.

Google ilikitangaza tarehe 24 Julai 2013, bei dola 35. Ni kidude kidogo mfano wa flashi: unakichomeka kwenye HDMI nyuma ya runinga, unakipa umeme kwa waya wa USB, unaongoza kwa simu. Programu zake za mwanzo zilikuwa za kuhesabika: Netflix, YouTube, na za Google wenyewe za filamu na muziki. Zana za watengeneza programu, yaani SDK, zilitolewa papo hapo, lakini za majaribio tu. Uliruhusiwa kuandika programu na kuijaribu kwenye kifaa ulichokiandikisha kwao. Kuigawa kwa watu bila ruhusa yao ya maandishi ilikuwa marufuku. Hali ilibaki hivyo mpaka tarehe 3 Februari 2014.

Miezi sita na siku kadhaa, na wenzao walichelewa zaidi. Roku ilitoka Mei 2008 ikiwa ya Netflix peke yake, duka lake la chaneli likafunguliwa Novemba 2009. Apple TV ilianza kuuzwa 2007. Duka la programu kwa watengenezaji wote likaja 2015. Hata iPhone iliuzwa mwaka mzima, kuanzia Juni 2007 hadi Julai 2008, haina duka la programu.

Sababu zipo, na nyingine nazikubali. Kifaa kipya bado kinarekebishwa ndani kwa ndani. Ukishawaruhusu watu elfu moja wajenge juu yake, huwezi tena kubadili namna kinavyowasiliana na simu bila kuwaharibia kazi wote. Ila wakati wengine wanangoja, wapo wanaoingia. Hulu Plus, huduma ya filamu na tamthilia ya Marekani, iliingia Chromecast Oktoba 2013, HBO Go ya namna hiyohiyo Novemba, na Desemba zikafuata nyingine kadhaa. Hizo ni kampuni kubwa, zinajua zimpigie nani simu huko California. Kijana wa Chikongola mwenye laptopu moja anampigia nani?

Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa. Chromecast kwa kawaida haipokei video kutoka kwenye simu. Simu inakipa kifaa anwani tu, halafu kifaa chenyewe kinakwenda intaneti kuichukua video. Kwa mtu wa Marekani mwenye intaneti ya mwezi isiyo na kikomo, hilo halimsumbui. Kwa sisi, kila dakika ya filamu ni bando linalokatika. Sinema zetu tunazo tayari kwenye memori kadi: tumeingiziwa stendi, tumerushiana kwa Xender, pamoja na video za harusi na mahafali. Tunachotaka ni kuzitoa kwenye simu ziende kwenye kioo kikubwa, familia nzima ione.

Kazi hiyo ilifanyika mapema sana. Mtengeneza programu wa Marekani aitwaye Koushik Dutta aliandika programu ambayo baadaye iliitwa AllCast. Simu inageuka seva ndogo ndani ya nyumba, kifaa kinavuta video kutoka kwenye simu kupitia wifi, na video yenyewe haili bando. Agosti 2013, mwezi mmoja tu baada ya kifaa kutoka, sasisho la Google likaifanya ikome kufanya kazi. Google ilijibu kwamba SDK bado ni ya majaribio na itaendelea kubadilika, na kwamba programu za video zilizo kwenye simu nazo wangependa ziwepo. Na kweli, milango ilipofunguliwa Februari, AllCast ilirudi. Lakini angalieni kilichozuiwa kwanza: ile programu ambayo mtu wa Nanyamba au Tandahimba angeihitaji kabla ya nyingine zote. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu anayepanga foleni hakai kwenye nyumba ya mwenye bando la kupima.

Lawama yangu kubwa haiko kwenye miezi yenyewe. Mkulima wa korosho anajua kungoja. Amepeleka mzigo kwenye chama cha msingi, amepewa stakabadhi yenye kilo zake, siku ya mnada inatangazwa. Mtengeneza programu wa mwaka 2013 hakuwa na karatasi ya namna hiyo. Hakujua mwezi, hakujua masharti yatakuwaje, na alichokijenga usiku kingeweza kuzimika asubuhi. Mtu mwenye familia hawezi kuweka mtaji hapo. Kampuni ikitaka tuungoje mlango wake, itoe tarehe na masharti kwa maandishi, na ikibadilisha kitu itoe taarifa kabla.

Na msidhani mlango ukifunguliwa mambo yamekwisha. Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili zilikwama majumbani mwa watu kwa sababu cheti cha usalama kiliisha muda wake, ikabidi Google watoe marekebisho. Mwenye ufunguo anabaki kuwa yeye.

Kwa hiyo nyie mfanye nini wakati wa kungoja? Programu ya Chromecast ina vipande viwili: kimoja kiko kwenye simu, kingine kinaonekana kwenye runinga. Hiki cha kwenye runinga ni ukurasa wa wavuti, HTML na JavaScript, vitu mnavyofundishwa humu. Mwaka ule ungeweza kuuandika na kuujaribu kwenye kivinjari cha kompyuta yoyote bila kumwomba mtu ruhusa. Siku SDK ilipofunguliwa, ada ya kujiandikisha ilikuwa dola 5. Na leo ni hivyohivyo kwa kifaa chochote kilichofungwa. Andikeni orodha ya video, kichezeshi, na maandishi ya Kiswahili chini ya picha, vyote kama ukurasa unaosimama wenyewe. Sehemu inayozungumza na kifaa cha kampuni iwekeni kwenye faili lake peke yake, ili wakibadilisha masharti mguse faili hilo tu. Wenye boksi za Android zinazokubali programu kutoka kwenye flashi, anzieni huko. Mtapata watumiaji wa kuwaambia panapokwama.

Sasa naomba maswali, na nianze na mafundi.