Usaili wa Kazi katika Duka la Ghala

Ndugu zangu, nimeombwa niwazungumzie kuhusu usaili wa kazi katika maduka ya ghala hapa Marekani, yaani maduka makubwa yanayowauzia wanachama waliolipia kadi, nami nitaichukua Costco kuwa mfano. Nitaanza na duka lenyewe, kwa sababu maswali mtakayoulizwa yanatokana na jinsi duka hilo linavyopata fedha.

Mwaka 1976 Sol Price alifungua Price Club, duka la ghala, mjini San Diego. Mwaka 1983 Jim Sinegal na Jeffrey Brotman wakafungua Costco ya kwanza mjini Seattle, na mwaka 1993 kampuni hizo zikaungana. Sinegal mwenyewe aliingia katika biashara hii mwaka 1954 kwa kushusha magodoro, na hilo nawaambia wale wanaoona aibu kubeba mizigo. Duka hili huuza takriban aina 4,000 tu za bidhaa, ilhali supamaketi ya kawaida huwa na makumi ya maelfu. Bei zake huwekwa chini makusudi, na sehemu kubwa ya faida hutokana na ada ya uanachama, ambayo tangu Septemba 2024 ni dola 65 kwa mwaka kwa kadi ya kawaida.

Kwa hiyo bidhaa nyingi hazipangwi moja moja. Foklifti, yaani gari la kuinulia mizigo, huingiza paleti nzima, yaani jukwaa la mbao lililopangwa bidhaa, mfanyakazi huchana plastiki kwa kisu cha maboksi, na mteja hujichukulia mwenyewe. Msaili atakuuliza kuhusu usalama, kwa kuwa hapo mkono hukatika na mgongo huteguka. Naye atakuuliza kuhusu mteja mwenye hasira, kwa kuwa mwanachama aliyeudhika halipii tena kadi yake.

Swali hilo la mteja ndilo linalowakwamisha watu wetu. Kijana mmoja niliyekuwa nikimfanyisha mazoezi, ambaye aliwahi kuuza unga sokoni Kigoma, alinijibu, "Sisi na wateja tulielewana vizuri tu." Nilipombana zaidi, ikabainika kwamba siku moja mama mmoja alimrudishia mfuko wenye wadudu mbele ya wateja wengine, naye akampa kiti, akampimia unga mwingine, kisha akaifungua na kuikagua mifuko yote iliyoletwa siku ile. Jibu alikuwa nalo, ila malezi yetu, yanayomwona anayejitaja kuwa mtu wa majivuno, yalimfanya ajifiche nyuma ya "sisi". Msaili hamwajiri "sisi". Anataka kusikia ulichofanya wewe, hatua kwa hatua.

Kuhusu karatasi nitasema machache. Fomu ya I-9, ambayo ni ya kuthibitisha wewe ni nani na kwamba unaruhusiwa kufanya kazi Marekani, humtaka mwajiri akague hati zako ndani ya siku 3 za kazi tangu uanze, na ni wewe unayechagua hati zipi utoe miongoni mwa zile zilizoorodheshwa. Yeye hana ruhusa ya kukulazimisha ulete hati fulani.

Zamu, hata hivyo, zinahitaji uangalifu, maana wapangaji wa bidhaa huanza kabla hapajapambazuka. Katika ajira yangu ya kwanza ghalani niliandikiwa kwenye ratiba saa 4, nami kwa mazoea ya nyumbani nikaisoma kuwa saa nne asubuhi, kumbe ilikuwa saa kumi alfajiri. Nilifika nimechelewa kwa saa 6, nimevaa viatu vipya vya kazi, nikakuta milango iko wazi na watu wanasukuma vitoroli, na mfanyakazi wa mlangoni akaniomba kadi ya uanachama.