Kuchagua na Kutumia Programu Jalizi: Tunatengeneza Picha Iliyokunjwa kwa GIMP na G'MIC

Ndugu mtazamaji, karibu. Unayoiona kwenye skrini ni picha ya harusi ya nyeusi na nyeupe, ambayo ilikaa ndani ya pochi kwa miaka mingi ikiwa imekunjwa mara mbili, na kwa sababu hiyo ina mikunjo miwili myeupe inayokutana katikati. Mkunjo mmoja unapita kwenye bega la bwana harusi. Wa pili unaikata kanga ya mama aliyesimama kulia, tena pale pale palipoandikwa jina la kanga. Kwenye pembe ya juu kuna doa la kutu lililoachwa na pini, na picha nzima imejaa chengachenga. Nimeiskani kwa nukta 600 kwa inchi, na faili la asili nimeliweka kwenye folda yake, ambako halitaguswa hadi mwisho wa kazi hii.

Programu jalizi, ambazo mafundi wengi huziita plagini, ni programu ndogo zinazochomekwa ndani ya programu kubwa ya kuhariri picha ili kuiongezea uwezo ambao haikuzaliwa nao. Kabla ya kupakua hata moja, nakuomba uitazame picha yako na uandike kwenye karatasi mambo inayoyahitaji. Yangu yalikuwa manne: kukata kingo zilizochakaa, kurudisha weusi uliofifia, kuondoa mikunjo na doa, na kupunguza chengachenga. Mawili ya kwanza hayahitaji programu jalizi hata kidogo. GIMP, programu kubwa ya kuhariri picha ninayoitumia hapa, yenyewe ina kifaa cha kukata, na weusi unarudi kwa kuingia menyu ya Colors, kubofya Levels, kisha kusogeza kishale cheusi hadi pale mlima wa grafu unapoanzia. Hata doa la kutu nimeliondoa kwa kifaa cha Heal, ambacho unakiita kwa kubonyeza herufi H. Tumebaki na mikunjo na chengachenga, na hizo ndizo sababu mbili tu za kutafuta msaada wa nje.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kusakinisha plagini ishirini na kitu kwa usiku mmoja, nyingi zikiwa za fremu na mianga ya machweo, na kesho yake programu ilichukua muda mrefu kufunguka kiasi kwamba nilidhani kompyuta imekufa. Kati ya zote hizo nilikuwa nikitumia mbili.

Sasa tuchague. Jambo la kwanza la kuangalia ni toleo la programu kubwa uliyo nayo, kwa kuwa plagini iliyoandikwa kwa toleo moja huenda isifanye kazi katika jingine. GIMP 3.0 ilitoka Machi 2025 ikiwa imebadilisha namna inavyozungumza na plagini, hivyo zile za toleo la 2.10 hazifanyi kazi humo mpaka waandishi wake wazirekebishe. Fungua menyu ya Help, bofya About, usome namba, kisha uiandike kwenye ile karatasi yako.

Jambo la pili ni kujua nani anaitunza na kwa masharti gani. Wanaotumia Photoshop wanaifahamu Nik Collection, mkusanyiko wa plagini ambao Google iliupata ilipoinunua kampuni ya Nik Software mwaka 2012. Ulikuwa ukiuzwa dola 149, ukatolewa bure Machi 2016, na Oktoba 2017 ukauzwa kwa kampuni ya DxO ya Ufaransa, ambayo inaendelea kuuboresha na kuuuza kwa fedha. Ni kazi nzuri, nami simzuii mtu kuinunua, lakini bure ya kampuni ni bure ya muda. G'MIC, tutakayoitumia leo, ni ya namna nyingine: ilianza mwaka 2008 katika maabara ya GREYC mjini Caen, Ufaransa, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na ina vichujio, yaani amri za kubadilisha sura ya picha, zaidi ya 500. Kwa fundi wa studio anayehesabu gharama za wino na karatasi, tofauti hiyo ina uzito.

Kuhusu mahali pa kupakua sitasema mengi. Pakua kwenye tovuti ya wenyewe, ambayo kwa G'MIC ni gmic.eu, na si kwenye zile tovuti zenye vitufe vitatu vya kupakua katika ukurasa mmoja. Kitufe nilichobofya mimi kwenye mojawapo kiliniletea matangazo yaliyokaa kwenye kompyuta yangu wiki nzima.

Tusakinishe. Ifunge GIMP kwanza. Kwenye Windows, tovuti hiyo inatoa faili la kusakinisha lililotengwa kulingana na toleo la GIMP, basi chagua linalolingana na namba uliyoiandika, lifungue na ufuate hatua zake. Anayetumia Ubuntu aitafute kwenye hazina ya mfumo wake kwa jina gimp-gmic. Plagini nyingine huja kama faili lililobanwa, na hapo utalazimika kulihamisha mwenyewe: ndani ya GIMP ingia Edit, kisha Preferences, kisha Folders, kisha Plug-ins, nawe utaoneshwa njia ya folda inayotakiwa. Katika GIMP 3 kila plagini inapaswa kukaa ndani ya folda ndogo yenye jina lile lile la plagini hiyo. Ukiitupa faili peke yake humo, haitaonekana kwenye menyu. Fungua GIMP upya, shuka hadi chini ya menyu ya Filters, na ukiliona jina la G'MIC-Qt, mambo ni sawa.

Tuanze kazi yenyewe. Bonyeza Shift, Ctrl na D ili kunakili tabaka (Layer, yaani karatasi moja kati ya zile zinazopangwa juu ya nyingine kuunda picha), kwa kuwa G'MIC hubadilisha pikseli zenyewe za tabaka unalolifanyia kazi. Vichujio vya ndani ya GIMP 3 vinaweza kurudiwa na kurekebishwa baadaye, lakini vya plagini hii haviwezi, na nakala ya tabaka ndiyo kinga yako.

Tutatumia kichujio kinachoitwa Inpaint, ambacho hujaza sehemu uliyoipaka rangi nyekundu kwa kuazima sura ya maeneo ya jirani. Hapa wengi hukwama, nami nitakwenda polepole. Picha iliyoskaniwa kwa nyeusi na nyeupe mara nyingi huwa katika hali ya kijivu, na katika hali hiyo ukichagua nyekundu utapata kijivu tu, hivyo ingia Image, kisha Mode, kisha RGB. Chagua nyekundu kamili: 255 kwa nyekundu, sifuri kwa kijani, sifuri kwa buluu. Chukua Pencil kwa kubonyeza N, wala usichukue Paintbrush. Tazama nikikuza picha hadi asilimia 800: mstari wa brashi una kingo za waridi, na kwa kuwa kichujio kinatafuta nyekundu ile ile uliyokitajia, ile waridi itahesabiwa kuwa sehemu ya picha, na badala ya mkunjo mweupe utabaki na michirizi ya waridi. Mstari wa penseli unakatika kwa usafi. Upake uwe mpana kuliko mkunjo kwa pikseli mbili au tatu kila upande.

Paka mkunjo wa begani, kisha fungua Filters na G'MIC-Qt, andika Inpaint kwenye kisanduku cha kutafutia, chagua kilichoandikwa Multi-Scale, hakikisha rangi ya maski, yaani rangi inayoonesha pa kujazwa, ni nyekundu ile ile, ubofye Apply. Subiri. Bega limerudi, na mistari ya kitambaa cha koti imeungana vizuri.

Mkunjo wa kwenye kanga ni habari nyingine. Nimejaribu njia hiyo hiyo, na haya ndiyo matokeo: pale palipokuwa na herufi tatu zilizokatwa, kichujio kimechora vitu vinavyofanana na herufi, lakini si herufi za lugha yoyote. Kichujio hakijui kusoma. Kinaazima weusi wa jirani na kuupanga. Kwa hiyo nabonyeza Ctrl na Z kurudi nyuma, kisha natumia Clone, herufi C, kusafisha mkunjo juu na chini ya maandishi tu. Ule upenyo mwembamba unaopita kati ya herufi nauacha kama ulivyo, kwa sababu jina la kanga ya mtu haliandikwi kwa kubahatisha.

Tumalizie chengachenga. Nakili tena tabaka ulilolitengeneza, rudi G'MIC-Qt, tafuta Smooth, na uchague Anisotropic, ambacho hulainisha huku kikijitahidi kulinda kingo. Punguza kitelezi cha Amplitude hadi uone ngozi imetulia lakini vinyweleo vya nyusi bado vinahesabika. Usiliamini sana lile dirisha dogo la hakikisho (Preview) picha ikiwa imepunguzwa. Baada ya kutekeleza, bonyeza 1 kwenye kibodi ili uione picha kwa asilimia 100. Mimi kwa kawaida hushusha pia ukolezi wa tabaka, yaani Opacity, hadi kati ya 50 na 70, kwani picha ya zamani isiyo na chenga hata moja hufanana na sanamu ya nta. Kisha bofya tabaka kwa kitufe cha kulia, chagua Add Layer Mask, weka nyeupe, na upake nyeusi juu ya macho na juu ya maandishi ya kanga, ili ulainishaji usifike huko.

Hifadhi kazi yako kwa Ctrl na S kama faili la XCF, ambalo litatunza matabaka yote, kisha bonyeza Shift, Ctrl na E ili kutoa nakala ya JPEG ya kuchapisha. Mwenye picha hii aliomba nakala mbili: iliyotengenezwa ya kutundika ukutani, na nyingine yenye mikunjo yake yote, ambayo nimeitoa kwenye lile faili la asili.