Mgonjwa amekula kiasi gani? Soma sahani yake

Karibuni tena. Leo tuko wodini, saa ya chakula cha mchana. Fungua faili lolote hapa, utakuta imeandikwa "amekula vizuri". Vizuri ndiyo kiasi gani? Vijiko vitatu au sahani nzima? Anayeingia zamu ya jioni hawezi kujua.

Kwanza, iangalie sahani kabla haijaguswa. Usipojua kilichopakuliwa, huwezi kukadiria kilicholiwa. Ukiruhusiwa, piga picha. Ya chakula tu, si ya mgonjwa.

Papo hapo mtazame mwenyewe. Ameketi wima? Sinia analifikia? Meno yake ya bandia yako mdomoni, au yamebaki kwenye kikombe? Nimeshaona chakula kikirudi jikoni kama kilivyokuja kwa sababu mgonjwa alishindwa kufungua mfuniko, na kwenye chati tukaandika "hana hamu".

Akishamaliza, iwahi sahani kabla haijakusanywa. Kadiria kwa macho: hakugusa, robo, nusu, robo tatu, au yote. Lakini usiikadirie sahani nzima kwa mkupuo. Wanga peke yake, kitoweo peke yake, mboga na kinywaji vivyo hivyo. Tazameni hii: wanga umekwisha, kitoweo hakijaguswa. Kwa haraka utasema amekula zaidi ya nusu, kumbe protini, ambayo kidonda chake kinaihitaji ili kipone, karibu yote imebaki. Mizani ya jikoni ingekupa jibu sahihi zaidi, ukipima kabla na baada. Kwa kazi ya kila siku, macho yaliyozoea yanatosha.

Sasa uliza: nani amekula? Sahani tupu hudanganya. Huenda ndugu aliyekuja kumwona kamsaidia, au chakula kimefungwa na kuwekwa chini ya mto. Na sahani iliyojaa nayo hudanganya, kama alishakula alicholetewa kutoka nyumbani. Uliza kwa upole, asijione anahojiwa na polisi.

Andika hapo hapo, usisubiri mwisho wa zamu. Kwa mfano: "Mchana: wanga robo tatu, kitoweo robo, mboga hakugusa, maziwa yote. Ana vidonda mdomoni." Hayo maneno ya mwisho usiyasahau, maana ndiyo yanayomwambia daktari pa kuanzia.

Jaza chati siku 3 mfululizo, milo yote pamoja na vitafunio, kisha mpe mtaalamu wa lishe. Katika NRS 2002, kipimo cha kuchuja wagonjwa wa hospitali walio katika hatari ya utapiamlo, aliyekula robo tu ya mahitaji yake au chini ya hapo kwa wiki nzima hupata alama 3, na hizo pekee zinatosha kumhesabu kuwa yuko hatarini.

Ila anayekohoa kila akimeza, au sauti yake ikawa kama ina maji kooni, hasubiri siku 3. Acha kumlisha, mwite daktari sasa hivi.