Watu 17 na Tromboni Mbili

MJOMBA: Haya, karibuni tena. Leo tumerekodia Shangani, Mtwara, na huo mvumo mnaousikia ni upepo wa bahari. Mpwa wangu, juzi umenipigia usiku wa manane.

MPWA: Shikamoo mjomba. Nisamehe, furaha ilinizidi. Wimbo umekwisha! Mdundo wake nimeutoa kwenye ngoma ya sindimba, na wapigaji nawataka 17.

MJOMBA: Marahaba. Kwa nini 17?

MPWA: Ndiyo bendi kubwa ya jazi kama walivyoizoea Marekani: saksafoni 5, tarumbeta 4, tromboni 4, halafu piano, besi, gitaa na dramu.

MJOMBA: Na tromboni hapa mjini umepata ngapi?

MPWA: Mbili. Moja ya kanisani.

MJOMBA: Basi andikia mbili. Duke Ellington, yule mtunzi wa jazi wa Marekani, kwenye karatasi zake alikuwa anaandika jina la mpigaji. Anamjua huyu pumzi yake, yule mlio wake, ndipo anamtungia. Na sisi huku tuna bendi zetu zilizojiita Jazz. Kilwa Jazz ilikuwa ya Dar es Salaam, jina la Kusini. Magitaa yakabeba kazi, wapulizaji wachache, na watu walicheza mpaka asubuhi.

MPWA: Lakini nikitoa tromboni mbili, chini panabaki patupu.

MJOMBA: Sauti ya tatu ya tromboni mpe saksafoni aina ya tena, inafika huko chini. Ya nne iache. Sasa waeleze wasikilizaji yaliyotokea Jumamosi.

MPWA: Aah, Jumamosi! Nimehesabu nne, tumeingia, pakatoka fujo tupu. Nikawakaripia vijana. Kumbe kosa langu: wote nimewaandikia noti za piano vilevile zilivyo.

MJOMBA: Hapo ndipo watunzi wengi wanapokwama, tupasemee vizuri. Noti ya C ya piano, ili kwa mpiga tarumbeta itoke ileile, lazima umwandikie D. Wa saksafoni ya alto mwandikie A. Ukimwandikia alto C, kitakachotoka ni E bemoli. Kwa hiyo kila karatasi ya tarumbeta na saksafoni inahamishwa kivyake, na uikague kabla watu hawajafika.

MPWA: Tulikaa sakafuni saa nzima tunafuta kwa raba. Kuna kijana wa tarumbeta amekuja kwa bodaboda kutoka Mikindani, midomo ameshaipasha moto, anasubiri karatasi. Niliona aibu sana, mjomba. Nauli yake ile.

MJOMBA: Umemrudishia?

MPWA: Siku ileile.

MJOMBA: Vizuri. Na usiwaite wote tena kwa mkupuo. Saksafoni siku yao, tarumbeta na tromboni siku yao, besi na dramu wazoeane wenyewe. Wakikutana wote, kila mtu awe anaijua sehemu yake.

MPWA: Wale wapigaji waliotoka kwaya wanasoma do re mi tu, noti za mistari hapana.

MJOMBA: Waandikie do re mi! Wana masikio makali hao. Onyesho umelipanga lini?

MPWA: Oktoba.

MJOMBA: Mpwa, Oktoba korosho zinaanguka. Mpiga besi wako si wa Newala?

MPWA: Ni wa Newala... Basi Agosti. Upepo nao mkali, karatasi nitazibana kwa vibanio vya nguo. Jumanne saa kumi na moja jioni ni saksafoni peke yao. Utakuja?

MJOMBA: Nitakuja. Hiyo sauti ya tatu nataka niisikie mwenyewe kwenye saksafoni ya tena, kabla hujaongeza mtu mwingine.