Kuandaa Bango la Kongamano: Anza na Ukubwa wa Karatasi

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo tunatengeneza bango la kongamano la kitaaluma, yaani karatasi moja kubwa inayoeleza utafiti wako na kubandikwa ubaoni, kuanzia slaidi tupu hadi karatasi iliyoviringishwa tayari kwa safari. Nitatumia PowerPoint, kwa sababu wanafunzi wengi wa uzamili wanaokuja kuchapa hapa dukani kwangu huja nayo. Namna ya kuifungua sitaifundisha. Aliyeandika tasnifu hawezi kushindwa na hilo.

Kabla hamjaandika hata herufi moja, nendeni kwenye ukubwa wa slaidi. Narudia: kabla ya herufi, kabla ya picha, kabla hata ya nembo ya chuo. Someni barua ya waandaaji mjue kama mbao zao zimesimama wima au zimelala. Karatasi ya A0 ikisimama wima ina upana wa sentimita 84.1 na urefu wa sentimita 118.9. Nilipowasilisha kwa mara ya kwanza sikuisoma barua hiyo, nikafika na bango la mlalo mbele ya ubao wenye upana wa mita moja. Ilinibidi nikunje zaidi ya sentimita 9 kila upande, na hitimisho langu likashinda siku nzima likitazama ukuta.

Kwa hiyo naandika vipimo hapa, nathibitisha, na sasa tunaweza kuanza na kichwa cha... Samahani. Naona kwenye kioo cha kamera kwamba slaidi yangu imelala. Nimeandika 118.9 mahali pa upana. Yaani nimelisimulia kosa na kulitenda papo hapo. Sehemu hii sitaikata, ili mwone jinsi lilivyo jepesi kutendeka. Narekebisha: upana 84.1, urefu 118.9. Kwa kuwa slaidi bado ni tupu, hakuna kilichoharibika. Ingekuwa imejaa, ningelazimika kupanga upya kila jedwali na kila mchoro.

Kichwa kiwe sentensi inayotoa jibu. Tuchukue mfano wa kubuni wa utafiti kuhusu majina ya samaki katika Kimakunduchi, lahaja ya Kiswahili ya Makunduchi kisiwani Unguja. Mwanafunzi ataandika “Uchunguzi wa Mabadiliko ya Kileksika katika Msamiati wa Uvuvi”, na mpita njia atapita. Akiandika “Vijana wa Makunduchi wanawaita samaki kwa majina ya sokoni”, mtu atasimama, hata kama amesimama ili kubisha. Ikisiri, yaani ule muhtasari mfupi wa utafiti, mimi huiacha nje, isipokuwa waandaaji wameidai, kwa kuwa kwa kawaida imekwisha kuchapwa kwenye kitabu cha kongamano na nafasi yake inafaa zaidi kupewa mchoro mmoja mkubwa wa matokeo. Kuhusu rangi nitasema moja tu: msitenganishe makundi mawili kwa nyekundu na kijani peke yake, kwa sababu wapo wasiozitofautisha.

Sasa picha, na hapa naomba utulivu. Picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na mara nyingi upande wake mrefu hubaki na pikseli 1600 hivi, yaani vile vinukta vya rangi vinavyounda picha. Kwa uchapaji wa bango nataka angalau pikseli 150 kwa kila inchi, hivyo picha hiyo inavumilia upana wa sentimita 27 tu. Mkiivuta hadi 60, wavuvi wenu watageuka vigae. Ombeni picha halisi kwa barua pepe, au itumwe WhatsApp kama faili. Msiniletee picha ya WhatsApp mkaniomba niisafishe, kwa maana printa yangu haibuni pikseli.

Kabla ya kulipia A0, chapeni nakala ya A4. Vipimo vyake ni robo ya vile vya A0, kwa hiyo herufi za pointi 32 zitaonekana kama za pointi 8. Ishikeni sentimita 40 kutoka machoni: mtakachoshindwa kukisoma hapo, msomaji aliyesimama mita 1.6 mbele ya bango atashindwa vilevile. Dawa yake ni kupunguza maneno, ingawa najua inauma.

Hifadhini faili kama PDF ili fonti zisibadilike kwenye kompyuta yangu, kisha fungueni PDF hiyo na kutazama mara ya mwisho kama imesimama wima. Ndiyo, nimelisema tena.

Likishachapwa, acheni wino ukauke, kisha liviringisheni upande wenye maandishi ukiwa nje. Wengi hufanya kinyume wakidhani wanalilinda, halafu kwenye ubao pembe zinajikunja kuelekea kwa msomaji. Ndani ya basi lishikeni mkononi, lisiwekwe kwenye buti chini ya magunia, na mkiwa njiani jizoezeni kulieleza kwa dakika mbili bila kulisoma. Pini bebeni zenu.