Lebo Ina Neno Moja Tu: Usambara

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo ni majani makavu: sampuli za mimea iliyokaushwa, na lebo zinazosema ilikatwa wapi. Kaka Elia, nimeahidi kuvumilia.

ELIA: Utavumilia, dada, maana nakupeleka Muheza. Ukitoka Tanga mjini, kabla hujapanda Amani, juu kwenye milima ya Usambara, unapita vilima vya chini, nchi ya Wabondei. Wakusanyaji wa mimea wa zamani walipita humohumo, lakini lebo nyingine utakuta neno moja tu: "Usambara".

ZUHURA: Si ndiko walikokuwa?

ELIA: Usambara ipi? Chini kwenye joto, au juu msituni? Chukua Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani pale Tanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 alimpelekea baba yake Ujerumani ua dogo la zambarau. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Bahati nzuri maelezo yalitaja sehemu mbili: nyufa za mawe ya chokaa karibu na Tanga, chini ya meta 50 kutoka usawa wa bahari, na msitu wa Usambara, kama meta 850.

ZUHURA: Ngoja, ndilo lile la vyungu vya dirishani Ulaya?

ELIA: Ndilo. Wanasayansi wamelihamishia jenasi ya Streptocarpus siku hizi, ila wauza maua wala hawana habari. Sasa ungeandikiwa "Usambara" tu, ungeanza kulitafuta wapi?

ZUHURA: Ningerudi nyumbani. Haya, sampuli inatengenezwaje?

ELIA: Unakata tawi lenye maua au matunda, unalilaza ndani ya gazeti, unalibana kwa fremu za mbao na kukaza mikanda. Gazeti likilowa unabadilisha, la sivyo ukungu unakuwahi. Likikauka linabandikwa kwenye karatasi ngumu. Lakini rangi ya ua hufifia, harufu huondoka, na urefu wa mti huwezi kuubana gazetini! Hayo yote yaandikwe: kijito gani, mwinuko, udongo, wenyeji wanauitaje.

ZUHURA: Na kwa nini mnakata matawi kadhaa ya mti mmoja?

ELIA: Namba moja ya mkusanyaji, nakala kadhaa, kila moja inakwenda hebaria yake, yaani ghala la mimea iliyokaushwa. Machi 1943 mabomu yaliunguza hebaria ya Berlin, na sampuli nyingi za huku kwetu zikateketea. Zilizokuwa na nakala kwingine ndizo zilizotuokoa. Hata Flora of Tropical East Africa, kazi inayoeleza mimea ya Afrika Mashariki, iliyochapishwa kuanzia 1952 hadi 2012, iliegemea karatasi hizo. Mkusanyiko wa sampuli wa Amani nao ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950.

ZUHURA: Hapo mimi nakereka. Mbondei akitaka kuona mmea wa kwa babu yake apande basi hadi Nairobi?

ELIA: Nyingi zimepigwa picha, ziko mtandaoni. Ila tafuta kwa tahajia zaidi ya moja: huyu kaandika Derema, yule Nderema.

ZUHURA: Na aliyemwonyesha Mzungu njia, jina lake lipo?

ELIA: Mara nyingi halipo. Jina la mmea kwa Kisambaa limeandikwa, aliyelitaja, hola.

ZUHURA: Lebo zako wewe je?

ELIA: Mkusanyaji, mwongoza njia, na aliyetaja jina. Herufi zinakuwa ndogo, lakini zinaenea.